Ving'ora vinalia, tunajibanza bafuni, halafu hakuna kitu. Nani ana maelezo?

#1 Baba Pacha
Wakuu, salaam. Nipo Kentucky, Marekani, mwaka wa tatu huu. Tangu Machi iingie king'ora cha mtaani cha tornado, ule upepo wa kuzunguka unaoshuka kutoka wingu la dhoruba, kimelia mara nne. Mara zote nne nimebeba pacha wangu, mmoja kila kwapa, nikajibanza nao bafuni kwa sababu nyumba haina besimenti. Na mara zote nne tumetoka tukakuta hata kiti cha plastiki cha barazani hakijapinduka. Ya juzi ilikuwa saa nane usiku na asubuhi nilikuwa na zamu. Mke wangu katangaza rasmi kwamba cha tano kikilia yeye anavuta blanketi.

Dai langu ni hili: hawa jamaa wa hali ya hewa wanatutisha ili baadaye wasije wakalaumiwa. Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Mtu Chake
Yaani umeingia bafuni salama, umetoka salama, na unalalamika. Ulitaka utoke vipi?

#3 Dereva Masafa
Mleta mada, king'ora hakikulii wewe uliye kitandani. Kiliwekwa kwa ajili ya watu walio nje, shambani, viwanjani, ili waingie ndani. Halafu kikipigwa, mara nyingi hupigwa kaunti nzima. Tornado yenyewe inaweza kuwa na upana wa mita mia mbili tu. Huenda ilipita, ila haikupita kwako.

#4 Fundi Mawimbi
Dereva kasema nusu. Onyo na king'ora ni vitu viwili, na wenyewe ni wawili.

Onyo hutolewa na ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa inayohudumia eneo lako. Tangu Oktoba 2007 hawatoi tena kwa kaunti nzima, wanachora umbo juu ya ramani na kusema walio ndani ya umbo hili wajifiche. King'ora ni mali ya mji au kaunti, idara haina mkono pale. Kuna miji inayopiga vyote hata kama umbo limegusa kona moja tu ya kaunti. Kuna iliyogawa kanda. Na kuna inayopiga hata kwa upepo mkali wa kawaida, bila tornado yoyote. Kwa hiyo viwili kati ya vinne vyako huenda havikuhusu tornado kabisa. Piga simu ofisi ya dharura ya kaunti uwaulize utaratibu wao, watakuambia.

La pili ni rada. Rada inaona upepo unaozunguka ndani ya wingu, na si rahisi ione kama mkia umegusa ardhi. Mawingu mengi huzunguka yakaishia hapo. Ndiyo maana karibu maonyo 7 kati ya 10 hayafuatwi na tornado. Wala si siri, idara yenyewe inalihesabu hilo kila mwaka.

#5 Baba Pacha
Saba kati ya kumi!! Hii post mke wangu asiione.

#6 Mama Junior
Niko Oklahoma. Hizo saba unazihesabu ukiwa umekaa kwenye kochi, shemeji. Hesabu na zile tatu. Joplin mwaka 2013 ving'ora vililia mara mbili, na watu walikuwa wamevizoea kama adhana ya mtaa wa pili. Waulize kilichofuata.

#7 Kobe Mzee
Dada, sahihisho dogo. Joplin ni Missouri, tarehe 22 Mei 2011. Walikufa watu 158 siku ile, mbali na waliofariki baadaye. Ya 2013 ni Moore, huko kwenu Oklahoma, tarehe 20 Mei, watu 24, saba kati yao watoto wa shule moja.

Lakini hoja yako inasimama. Uchunguzi uliofanywa baada ya Joplin ulikuta watu wengi walisikia king'ora cha kwanza wasifanye lolote. Walisubiri ishara ya pili: waone kwenye televisheni, wapigiwe simu na ndugu, au wafungue mlango watazame angani. Wengine walipata ishara ya pili tornado ikiwa tayari iko mtaani. Sababu waliyoitoa ni hiyo hiyo ya mke wa Baba Pacha, kwamba ving'ora hulia kila mara.

#8 Mtu Chake
Kufungua mlango na kutazama angani ni desturi ya wanaume wa hapa. Jirani yangu king'ora kikilia hutoka na kikombe cha kahawa.

#9 Mgeni Juzi
Samahani wakubwa, nina miezi mitano tu nchini. Simu yangu huandika Tornado Watch, siku nyingine Tornado Warning. Mimi nilidhani ni kitu kimoja kwa maneno mawili, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Ipi ya kukimbia?

#10 Mama Junior
Mdogo wangu, ndivyo hivi. Watch: wamesema leo kuna wezi wanazunguka mitaa hii, kwa hiyo chaji simu, weka viatu karibu, jua watoto wako wapi. Warning: mwizi yuko uani kwako. Hapo huendi kuchungulia, unaingia ndani kabisa.

#11 Fundi Mawimbi
Naongezea kwa Mgeni. Watch hutoka kituo kimoja cha nchi nzima kilichoko Norman, Oklahoma, hufunika kaunti nyingi kwa mkupuo na hudumu saa kadhaa. Warning hutoka ofisi ya karibu na kwa kawaida haifiki hata saa moja. Ukiona muda mfupi, jua ni ile ya uani.

#12 Nahau Tupu
Nyumbani TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hutoa "angalizo" na "tahadhari". Nadhani angalizo linakaa vizuri mahali pa watch, ila tahadhari kwa warning naiona baridi. Ningesema onyo.

Na tafadhali tuache kuita kitu hiki kimbunga. Kimbunga huzaliwa baharini, hutembea siku kadhaa, upana wake ni mamia ya kilomita. Idai iliyopiga Beira Machi 2019, kile ndicho kimbunga. Hiki cha Kentucky ni kisulisuli, au chamchela kwa wale wa kamusi za zamani.

#13 Mtu Chake
Siku kikija, Nahau utasimama mlangoni ukisahihishe.

#14 Nahau Tupu
Cheka tu. Jirani yangu aliambiwa na mwenzake kwa simu kwamba "kimbunga kinakuja". Akafanya kama alivyozoea pwani: akajaza ndoo za maji, akafunga vitu vya nje, akaketi sebuleni karibu na dirisha kusubiri upepo uanze. Alidhani ana siku nzima. Alikuwa na kama dakika kumi. Kilipita mtaa wa nyuma. Neno moja tu hilo.

#15 Dereva Masafa
Hapo Nahau kanifunga mdomo.

Mimi naendesha malori, Kansas, Oklahoma, Missouri, kila masika (masika yao, ya Machi hadi Juni). Ninachotaka kusema ni flaiova. Mvua ya mawe ikianza, magari madogo hukimbilia chini ya daraja na kusimama, wanaziba njia mbili, na sisi wa nyuma tunabaki nje. Kuna video ya mwaka 1991, huko Kansas, ya watu wa televisheni waliojibanza juu kabisa kwenye pembe ya flaiova na wakatoka wazima. Ile video imeua watu. Kisulisuli kile kilikuwa dhaifu na wala hakikupita juu yao moja kwa moja. Tarehe 3 Mei 1999 Oklahoma watu walifanya vile vile kwenye madaraja matatu, na kila daraja likaondoka na mtu. Ukipanda ule mteremko unajisogeza kwenye upepo mkali zaidi, na vyuma na mbao vyote vinapitia tundu hilo hilo ulilojifichia.

#16 Mgeni Juzi
Sasa kaka, nikiwa barabarani nifanye nini?

#17 Dereva Masafa
Ukikiona mbali na barabara iko wazi, ondoka kwa kukikata pembeni. Usishindane nacho kwa kukimbia mbele yake. Jengo lolote imara ukilipata, ingia. Kikiwa kimekufikia, mimi nasema toka ulale mtaroni, chini ya usawa wa barabara, ufunike kichwa.

#18 Nesi wa Usiku
Mimi nasema baki garini. Mkanda umefungwa, kichwa chini ya usawa wa kioo, koti au blanketi juu ya kichwa. Tunaowapokea hospitali ni wale waliopigwa na vitu vinavyoruka, na mtaroni huna hata bati la kukukinga.

#19 Dereva Masafa
Dada, nimeona magari yakiokotwa yakatupwa kama kopo.

#20 Kobe Mzee
Idara yenyewe haijawaamua nyinyi wawili. Inavitaja vyote, inasema ni vya mwisho kabisa, na uchaguzi unategemea kama jirani na barabara kuna mahali pa chini hasa. Ila mtaro una kesi yake. El Reno, 31 Mei 2013, siku kumi na moja tu baada ya Moore. Watu walikuwa bado na hofu, maelfu wakaingia barabarani kukimbia, barabara zikaziba. Wote waliouawa na upepo wenyewe walikuwa kwenye magari. Na usiku huo huo mvua ikafurika, watu waliojificha kwenye makalvati ya maji wakazolewa. Wengi walikufa kwa maji kuliko kwa upepo.

Halafu Dereva, ulisema upana mita mia mbili. Kile cha El Reno kilifika kilomita 4.2.

#21 Mtu Chake
Kilomita nne?! Hapo upepo si kilomita mia tano kwa saa? Si ndiyo EF5, lile daraja la juu kabisa la tornado?

#22 Kobe Mzee
EF5 huanzia juu ya maili 200 kwa saa, ni kama kilomita 322. Na El Reno kimeandikwa EF3. Daraja hutolewa kesho yake kwa kuangalia kilichobomoka, na kile kilipita mashambani zaidi. Rada za kwenye magari ya watafiti ziliona upepo mkubwa kuliko huo, lakini daraja halikubadilika. Wataalamu bado wanabishana.

#23 Bi Kizingiti
Mimi mwenye nyumba wangu, mzee wa hapa hapa, aliniambia kikija nifungue madirisha yote ili hewa ya ndani isije ikalipua nyumba. Akasema pia nikae kona ya kusini magharibi. Ameishi hapa miaka sabini, sikumbishia.

#24 Fundi Mawimbi
Usimbishie, ila usifanye. Nyumba hailipuki kwa hewa ya ndani. Huvunjwa na upepo na vitu vilivyomo kwenye upepo, na ukifungua dirisha umemkaribisha upepo ainue paa kwa chini. Isitoshe unasimama kwenye vioo dakika zile zile ulizotakiwa kuwa umeshajificha. Kona ya kusini magharibi ni hadithi ya zamani pia, ilikuwemo hadi kwenye mafundisho. Walipochunguza nyumba zilizopigwa hawakukuta faida yoyote.

#25 Bi Kizingiti
Sawa. Na hili la bafuni, radi je? Bibi yangu ngurumo ikianza alifunika vioo vyote na khanga na hakuna kugusa maji. Sasa Baba Pacha anakimbilia kwenye mabomba!

#26 Nesi wa Usiku
Vioo mwachie bibi. La maji yuko sahihi, radi husafiri kwenye mabomba, kwa hiyo usioge wala usioshe vyombo. Lakini kukaa ndani ya bafu kavu bila kugusa bomba si sawa na kuoga, na ukiwa na onyo la tornado hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi. Bafu linapendwa kwa sababu ni dogo, liko katikati ya nyumba na halina dirisha.

#27 Baba Pacha
Halina dirisha?

#28 Nesi wa Usiku
Baba Pacha. Bafu lako lina dirisha?

#29 Baba Pacha
Lina. Juu ya sinki. Lipo ukuta wa nje.

#30 Mtu Chake
😂😂😂 Mara nne!

#31 Mama Junior
Usimcheke, wangapi tunafanya hivyo. Shemeji, tafuta kabati la nguo lililo katikati, au korido. Hesabu kuta kati yako na nje, zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Godoro la kitanda cha watoto juu yenu.

#32 Nesi wa Usiku
Na viatu. Sitachoka kusema viatu. Watu hutoka wazima kabisa kwenye kifusi halafu wanakanyaga misumari na vioo pekupeku, tunashona nyayo usiku kucha. Watoto wavae helmeti za baiskeli, wewe pia kama unayo, kwa sababu kinachoua hasa ni kichwa kupigwa. Filimbi shingoni, ili wakikutafuta usimalize sauti.

La mwisho, umeme ukikatika: jenereta isiwekwe gereji, hata mlango ukiwa wazi. Nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani. Ule moshi una sumu isiyo na harufu. Nimeshapokea familia iliyonusurika dhoruba ikaja kwetu kesho yake kwa sababu ya jenereta.

#33 Fundi Mawimbi
Turudi kwa mleta mada. Tatizo lako linatibika kwa redio ya hali ya hewa. Hii si redio ya muziki. Inashika masafa saba tu, 162.400 hadi 162.550 MHz, inakaa kimya siku zote na kujiwasha yenyewe onyo likitoka. Unaiingizia namba ya kaunti yako yenye tarakimu sita, za kaunti nyingine haziisumbui. Weka na betri. Tarehe 27 Aprili 2011 Alabama dhoruba za alfajiri zilikata umeme na kuzima mawasiliano sehemu nyingi, na yale makubwa yalikuja mchana na jioni. Ukijumlisha na majimbo mengine, watu zaidi ya 300 walikufa siku moja.

#34 Baba Pacha
Kwa hiyo bado itaniamsha kwa kaunti nzima, si kwa umbo lile ulilosema #4?

#35 Fundi Mawimbi
Ndiyo, hapo umenishika. Redio ni ya kaunti. Simu ndiyo inafuata umbo zaidi. Kuwa na vyote viwili.

#36 Mtu Chake
Yaani dawa ya kuamshwa sana ni kununua kitu kingine cha kukuamsha.

#37 Jirani wa Trela
Huwa nasoma tu, leo niandike. Naona kila mtu hapa ana kabati la katikati. Mimi naishi kwenye nyumba ya trela na mama yangu, anatembelea gongo. Katikati ya trela ni hatua tano kutoka ukutani. Nimeuliza wenye uwanja kama kuna mahali pa kujificha, wakasema "nendeni kanisani". Kanisa ni maili mbili na usiku limefungwa. Nifanye nini?

#38 Kobe Mzee
Ndugu, usibaki ndani hata kama imefungwa minyororo chini. Trela ni sehemu ndogo tu ya nyumba za nchi hii, lakini zaidi ya nusu ya wanaokufa na tornado wakiwa majumbani hufia humo. Kwako wewe ishara ya kuondoka ni watch, usingoje warning. Na mama wa gongo, ondokeni mapema zaidi.

#39 Jirani wa Trela
Mzee nakuelewa. Ila mwezi uliopita tulipata watch sita. Mara sita nimpakie mama garini niende nikakae wapi saa nne nne?

#40 Mama Junior
Mimi ningeenda duka kubwa la saa 24 nikazunguka na kitoroli. Sisemi utani. Au hospitali, sebule ya chini.

#41 Nesi wa Usiku
Hospitali sawa, ila walinzi wengine watakuuliza umekuja kumwona nani. Mpigie mchungaji mchana, mwulize nani anakaa karibu na ufunguo.

#42 Dereva Masafa
Au rafiki mwenye besimenti. Mkubaliane kabisa kwamba utaingia bila kubisha hodi.

#43 Jirani wa Trela
Nitaanza na mchungaji.

#44 Bi Kizingiti
Sisi mji wetu uko penye makutano ya mito miwili, wenyeji wanasema kisulisuli hakivuki maji.

#45 Kobe Mzee
Cha tarehe 18 Machi 1925 kilianzia Missouri, kikavuka mto Mississippi kikaingia Illinois, kisha kikavuka Wabash hadi Indiana. Watu 695. Na kwa vile mleta mada yuko Kentucky: kile cha Mayfield kilikuja usiku wa 10 Desemba 2021. Kwa hiyo hata hili la "ngoja Juni ipite" lisikulaze.

#46 Baba Pacha
Mmenitisha kuliko king'ora. Nimempa mke wangu uzi mzima asome, ikiwemo ile saba kati ya kumi. Kasema yeye bado anaamini wanakwepa lawama, lakini kabati kalitoa viatu vyote na kuweka godoro. Na kaniuliza nani alichagua bafu.

#47 Nahau Tupu
Nadharia ya lawama si ya kutupwa. Mtabiri asipotoa onyo na watu wakafa, ataulizwa. Akitoa na kisije, nani atamuuliza?

#48 Fundi Mawimbi
Wanaulizwa. Wamejaribu kupunguza maonyo ya bure, na ukipunguza hayo unaanza kukosa ya kweli, au unayatoa kwa kuchelewa. Kamba ni moja, ukivuta huku inafupika kule.

#49 Baba Pacha
Wakuu, kinalia SASA HIVI. Jua kali, anga bluu, hakuna hata wingu. Tupo kabatini.

#50 Mama Junior
Simu inasema nini?

#51 Baba Pacha
Kimya.

#52 Kobe Mzee
Leo si Jumatano ya kwanza ya mwezi? Kaunti nyingi hujaribu ving'ora siku maalumu. Wakiona dhoruba inakaribia siku hiyo huwa wanaahirisha jaribio, ili watu wasichanganyikiwe.

#53 Mtu Chake
Tuma picha ya kabatini.

#54 Baba Pacha
Pacha mmoja kavaa helmeti. Mwingine tulikuwa hatujamnunulia, mama yake kamvika sufuria. Na mama yake yumo humu, blanketi kaliacha kitandani.